Snokeli ya familia: Soko ambalo mwambao haujalipangia bei

Snokeli ni kuelea kifudifudi juu ya maji, macho yakiwa ndani ya miwani ya kuzamia na pumzi ikipita kwenye mrija mfupi unaochomoza juu. Anayeifanya habebi mtungi wa hewa wala haulizwi cheti. Kwa sababu hiyo inauzwa karibu kila ufuko wa kitalii kuanzia Watamu hadi Mafia, na muuzaji anaweza kuianza akiwa na chombo kimoja, injini moja na kapu la miwani.

Kwa familia yenye mtoto mdogo, bidhaa hii haina mshindani mkubwa. PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, huanza kuwajaribisha watoto mtungi wa hewa kwenye maji ya kina kifupi wakifika miaka 8, na cheti cha mzamiaji mdogo hutolewa kuanzia miaka 10. Chini ya miaka 8, njia kuu za kuyaona matumbawe ni mbili: snokeli, au boti yenye sakafu ya kioo kama zilizopo Malindi, Watamu na Mombasa.

Soko lenyewe linakua. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 630,000 mwaka 2023 na zaidi ya 730,000 mwaka 2024, sehemu kubwa wakitoka Ulaya. Nchini Kenya, treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017 imewarahisishia wazazi wa bara usafiri wa kuwapeleka watoto pwani wakati wa likizo za shule.

Maeneo ya biashara hii yamefuata mipaka ya hifadhi. Kenya ilitangulia kwa kutenga hifadhi za Malindi na Watamu mwaka 1968, kisha Kisite-Mpunguti mwaka 1978, zote zikisimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya. Safari za Kisite huanzia Shimoni, hupitia kwenye matumbawe na mara nyingi huishia kwenye chakula cha mchana cha samaki na kaa kisiwani Wasini. Tanzania Bara ilipata Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu mwaka 1994, na Mafia ikawa hifadhi yake ya kwanza ya bahari mwaka 1995. Wakazi wa Dar es Salaam wana Bongoyo na Mbudya, safari fupi ya boti kutoka mjini. Unguja ina Mnemba upande wa kaskazini mashariki, ghuba ya Menai upande wa kusini, na visiwa vya Changuu, Bawe na Chumbe upande wa magharibi.

Mnemba na Chumbe zinaonyesha njia mbili tofauti za kupata fedha kwenye matumbawe. Mnemba huuzwa kwa wingi. Boti za Nungwi, Matemwe na vijiji vya jirani hukutana hapo asubuhi, kila moja ikiwa na wageni wa hoteli mbalimbali. Bei hushindaniwa ufukweni, na sehemu ya anacholipa mgeni huishia kwa papasi, yaani dalali wa ufukweni, au kwa wakala wa hoteli aliyemleta. Chumbe huuzwa kwa uchache. Matumbawe yake yalitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1994 na husimamiwa na kampuni binafsi. Uvuvi umepigwa marufuku, baadhi ya waliokuwa wavuvi wamefunzwa kuwa walinzi, nyumba za wageni ni 7 tu, na uzamiaji wa mtungi hauruhusiwi kwa wageni. Mgeni huenda majini akiwa na mwongozaji. Idadi ni ndogo, bei ni ya juu, na mapato hurudi kulipia ulinzi wa kisiwa na ziara za wanafunzi wa Zanzibar.

Mtoto mdogo huleta ugumu zaidi kwenye njia ya kwanza, na sababu iko kwenye hesabu ya safari. Gharama kubwa za mwenye boti hazipungui abiria wakipungua: petroli, posho ya nahodha na baharia, matengenezo ya injini, na chakula kinachoandaliwa kabla ya kuondoka. Faida hutokana na viti kujaa, kwa hiyo bei hupangwa kwa kichwa. Mtoto wa miaka 4 au 5 hulipa nusu au halipi kabisa, lakini anachukua nafasi chomboni, anahitaji jaketi okozi la saizi yake, na majini anahitaji mtu mzima mmoja asiyemwachia mkono. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, hivyo dakika 15 au 20 humtosha. Abiria wengine wamelipia saa nzima. Akibaki majini anatetemeka, na akirudishwa chomboni mzazi mmoja hukosa alichokilipia.

Dawa ya hesabu hiyo ni kupanga bei kwa chombo. Familia hukodi boti au mashua nzima kwa nusu siku, mwendo ukiwa mfupi na vituo vikiwa vya kina kidogo. Mwenye chombo hapotezi chochote kwa mtoto kulipa nusu, kwa kuwa fedha haihesabiwi tena kwa kichwa. Familia nayo hupata kile inachokihitaji zaidi, yaani uhuru wa kuondoka maji yakichafuka au mtoto akichoka. Baadhi ya safari za Menai zinazoondokea Fumba zimeonyesha kwamba fungu la mchanga, kivuli na chakula vina thamani sawa na matumbawe. Mtoto huanza kuizoea miwani akiwa amesimama kwenye maji ya kiunoni, kabla ya kupelekwa kwenye samaki.

Kalenda ndiyo kikwazo cha pili. Likizo ndefu za shule za Ulaya huangukia Julai na Agosti, wakati wa kusi, ambapo upepo wa kusini mashariki huchafua bahari upande wa mashariki wa Unguja na maji huwa na ubaridi. Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi, maji huwa ya joto zaidi. Muuzaji anayehudumia familia wakati wa kusi hufaidika akihamishia safari upande wa magharibi, ambao hukingwa na kisiwa chenyewe. Ratiba ya maji nayo haina mjadala. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana katikati ya asubuhi, vyombo hukwama juu ya mchanga na mikondo huwa na nguvu. Siku za maji mafu mkondo ni mpole na kina hakibadiliki sana, kwa hiyo ndizo za kuwauzia wenye watoto.

Vifaa havigharimu sana, lakini ndivyo vinavyoharibu safari nyingi. Miwani ya mtu mzima haikai kwenye uso wa mtoto. Maji huingia, mtoto huogopa, na safari huishia hapo. Miwani ya silikoni ya saizi ndogo, mrija mfupi na fulana ya mikono mirefu hutosha. Barakoa zinazofunika uso mzima huwavutia wazazi, ila zikitengenezwa vibaya hubakiza ndani hewa iliyokwisha kupumuliwa, na si rahisi kwa mtoto kuivua mwenyewe anapopatwa na hofu.

Usalama una gharama yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Vyombo hukaguliwa na kupewa leseni na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, na Mamlaka ya Bahari kwa Kenya. Tangu Oktoba 2024, mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya lazima inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Bima hulipa baada ya ajali kutokea. Kinachozuia ajali ni jaketi linalomtosha mtoto na baharia mmoja aliyepewa kazi ya kutazama maji tu.

Mtaji mkuu wa biashara yote ni matumbawe, na si imara. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi, na wimbi la kupauka lilirudi mwaka 2016 na tena mwaka 2024. Joto haliko mikononi mwa nahodha, lakini nanga na miguu ya wageni viko. Boya la kufungia chombo huokoa matumbawe yanayovunjwa na nanga. Mtoto anayeanzia kwenye mchanga hasimami juu ya matumbawe. Mafuta ya jua pia yanafaa kuangaliwa: tangu Januari 2021, jimbo la Hawaii nchini Marekani limezuia uuzaji wa yale yenye oksibenzoni na oktinoksati. Fulana ya mikono mirefu hupunguza haja ya mafuta hayo.

Kwa jumla, soko la familia halihitaji mtaji mpya mkubwa. Linahitaji bei ya chombo kizima, saizi chache za vifaa vya watoto, na ratiba inayofuata maji badala ya saa ya hoteli. Vyama vya wenye boti vinaweza kukubaliana juu ya mambo hayo matatu bila kusubiri sheria mpya. Boti itakayoendelea kumuuza mtoto kama nusu ya mtu mzima itaendelea kupata nusu ya fedha kwa kazi iliyo kubwa zaidi.