Daktari Sidney, mgeni wa M*A*S*H ambaye mashabiki hawajamsahau

MPIGA picha na mwigizaji Allan Arbus alifariki mjini Los Angeles, Marekani, mnamo Aprili 2013 akiwa na umri wa miaka 95. Alikuwa amejijengea jina katika upigaji picha za mitindo, kazi aliyoianza pamoja na mkewe wa kwanza, Diane Arbus, aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga picha mashuhuri zaidi wa karne ya 20. Uigizaji aliuingilia akiwa tayari mtu mzima wa zaidi ya miaka 50.

Hata hivyo, mashabiki waliomkumbuka hawakuzungumzia sana picha wala filamu zake. Walimkumbuka Dkt Sidney Freedman, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa akiitembelea hospitali ya mahema katika tamthilia ya televisheni ya M*A*S*H. Sidney hakuwa mkazi wa kambi ile. Alikuwa mgeni tu, aingiaye kwa gari la kijeshi, akacheza karata na madaktari, akasikiliza watu wawili watatu, kisha akaenda zake.

Kwa wasioifahamu, M*A*S*H ilionyeshwa na shirika la CBS nchini Marekani kuanzia Septemba 1972 hadi Februari 1983. Chimbuko lake ni riwaya ya Richard Hooker ya mwaka 1968, ambayo Robert Altman aliigeuza kuwa filamu mwaka 1970. Masimulizi yanahusu madaktari na wauguzi wa hospitali ya kijeshi nambari 4077 wakati wa Vita vya Korea, vile ambavyo hata jirani yetu Ethiopia alituma wanajeshi wake chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Vita vyenyewe vilidumu miaka mitatu, kuanzia Juni 1950 hadi Julai 1953. Tamthilia ilidumu misimu 11. Ilipoanza, majeshi ya Marekani yalikuwa bado Vietnam, na watazamaji walielewa fika kwamba Korea ilitajwa ili Vietnam isikike.

Kati ya vipindi zaidi ya 250 vilivyotengenezwa, Arbus alionekana katika 12 pekee. Wapo waigizaji walioonekana juma baada ya juma ambao leo hata shabiki sugu hutaabika kuyataja majina ya wahusika wao. Kwa nini basi huyu mgeni akadumu?

Alipojitokeza mara ya kwanza mwaka 1973 hata jina lake lilikuwa tofauti. Aliitwa Milton Freedman. Mashabiki hufurahia sana kuulizana swali hilo, maana watu wengi hulikosa. Alikuwa ameitwa kumpima Koplo Klinger, askari aliyekuwa akivaa marinda ya kike ili aonekane mwendawazimu na kurudishwa nyumbani. Daktari hakumkemea wala kumcheka. Alimweleza kwamba angeweza kumwandikia karatasi za kumwondoa jeshini, ila karatasi hizo zingemwandama maisha yake yote zikimtaja kuwa mtu ambaye siye. Klinger akazikataa papo hapo. Kwa dakika chache tu mtazamaji alikuwa amekwisha kujua mgeni huyu ni mtu wa aina gani.

Lakini upole peke yake haumfanyi mhusika akumbukwe kwa nusu karne. Kilichompa Sidney uzito ni kazi yenyewe aliyopewa, kazi iliyokuwa na fumbo zito ndani yake.

Madaktari wa jeshi walikuwa wamegundua tangu Vita vya Kwanza vya Dunia kwamba askari aliyevunjika moyo kwa hofu hupona upesi zaidi akitibiwa karibu na uwanja wa mapigano kuliko akisafirishwa mbali. Hupewa usingizi, chakula, maji ya kuoga na mtu wa kuzungumza naye. Juu ya yote hayo, huambiwa kuwa yeye si mgonjwa na kwamba baada ya siku chache atarudi kwa wenzake. Nchini Korea, jeshi la Marekani liliurejesha utaratibu huo mapema na kuwapeleka madaktari wa akili karibu na vikosi.

Utaratibu ulifaulu, kwa maana ya kwamba askari walirudi vitani. Na hapo ndipo penye fumbo. Daktari wa kawaida humtibu mtu ili aishi. Daktari wa akili wa jeshini humtibu mtu ili akasimame tena mahali ambapo huenda akauawa. Akifanya kazi yake vizuri mno, mgonjwa wake anaweza kurejeshwa ndani ya jeneza.

Waandishi wa tamthilia hawakulikwepa jambo hilo. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1977, Sidney anafika kambini yeye mwenyewe akiwa na jeraha. Miongoni mwa majeruhi yumo kijana aliyewahi kumtibu na kumshawishi arudi mstari wa mbele. Kijana huyo hana shukrani. Anamchukia daktari waziwazi, na kumlaumu kwa risasi iliyompata. Sidney hana jibu la kumridhisha, na waandishi hawakumtungia.

Kisa kingine ambacho mashabiki hukirudia mno ni cha mwaka 1975. Mwanajeshi wa ndege ya mabomu, Kapteni Chandler, analetwa hospitalini akidai kwamba yeye ni Yesu Kristo. Kanali Flagg, jasusi mwenye makeke aliyekuwa naye mgeni wa mara kwa mara, anaamini ni ujanja wa kukimbia vita. Sidney anamhoji mwanajeshi yule kwa utulivu, kisha anatoa uamuzi wake: mtu huyu si Kristo, lakini pia si Chandler tena. Aliyetupa mabomu mara nyingi vile hakuweza kuendelea kuwa yeye na kuendelea kuua, kwa hivyo akawa mtu mwingine asiyeweza kuua. Kabla ya kuondoka, karani mdogo wa kambi, Radar, anamwomba ambariki dubu wake wa kuchezea, naye anambariki. Ni vigumu kueleza kwa nini onyesho hilo halichekeshi, ilhali kila kitu ndani yake kilipaswa kuchekesha.

Mwaka 1976 Alan Alda, aliyeigiza Dkt Hawkeye Pierce, aliandika na kuongoza kipindi ambacho Sidney mwenyewe ndiye anayehitaji tiba. Mgonjwa wake mmoja amejiua, na daktari amekuja kambini kwa mchezo wa karata akashindwa kuondoka. Anakaa siku nyingi, akiwatazama wenyeji wanavyotaniana na kufanyiana mizaha, huku akiandika barua kwa Sigmund Freud, ambaye alikuwa amekufa tangu 1939. Hakuna anayempa ushauri. Anaponywa na kelele za watu wenye akili timamu wanaokataa kuzipoteza akili hizo.

Wasia wake maarufu zaidi ulitoka katika kipindi cha mwaka 1974 kilichofanyika chote ndani ya chumba cha upasuaji. Majeruhi ni wengi kiasi kwamba hata yeye anajifunga barakoa na kusaidia. Anapoaga, anawashauri madaktari waliochoka hoi wavue suruali zao na wateleze juu ya barafu. Ni mzaha usio na kichwa wala miguu, na pengine ndiyo sababu umedumu.

Aliurudia katika kipindi cha mwisho kabisa, Februari 28, 1983, ambacho kilitazamwa na zaidi ya watu milioni 100 nchini Marekani. Mgonjwa wake safari hii ni Hawkeye, aliyekuwa mcheshi kuliko wote. Hawkeye anakumbuka safari ya basi, adui akiwa karibu, na mwanamke Mkorea ambaye kuku wake hanyamazi. Yeye Hawkeye akamfokea mama huyo amnyamazishe kuku, naye akamnyamazisha milele. Sidney hana haraka. Anauliza, anangoja, anauliza tena, hadi kumbukumbu inapofunguka na ikabainika kwamba hapakuwa na kuku. Alikuwa mtoto mchanga.

Baada ya hapo Sidney anamrudisha Hawkeye kambini akafanye upasuaji, wakati vita bado havijakwisha. Wapo watazamaji ambao hadi leo huona alimrudisha mapema mno. Ni mashaka yaleyale ya kijana wa mwaka 1977, sasa juu ya rafiki yake.

Inafaa kukumbuka kwamba ugonjwa wa akili utokanao na vita haukupewa jina lake la sasa katika mwongozo rasmi wa madaktari wa akili wa Marekani hadi 1980, wakati tamthilia ilikuwa imekwisha kuonyeshwa kwa miaka minane. Mamilioni ya watazamaji walikuwa wamekwisha kuuona kwenye sebule zao kabla ya kuusikia jina.

Arbus hakuwahi kusomea udaktari. Ujuzi wake wa vita aliupata akiwa mpiga picha wa jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia. Alda amesimulia kwamba aliamini mno uigizaji wa mwenzake hata akawa, kati ya onyesho moja na jingine, anaketi naye na kumweleza mambo yake ya moyoni. Ilimchukua muda kutambua kuwa Arbus alikuwa akimkodolea macho kwa mshangao, asijue hata kidogo amjibu nini.