Sauti Ikutane na Mdomo

Simama upande mmoja wa uwanja mpana pale Kampene, wilayani Pangi, umtazame mama anayetwanga sombe upande wa pili. Utauona mchi ukigonga kinu, ndipo mlio ukufikie. Nuru hufika papo hapo, lakini sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mwanya huo mdogo ndio unaoharibu video nyingi za kwaya na harusi ambazo vijana wetu wanazirekodi kwa bidii.

Chukua harusi ya uwanjani. Simu inapiga picha kutoka mita 40. Kinasa sauti kiko miguuni pa kwaya. Simu imenasa upepo na vigelegele vya waliokaa karibu nayo, kinasa kimenasa sauti safi. Kazi ya mhariri ni kuiondoa sauti ya simu na kuweka ya kinasa, bila kuwahi wala kuchelewa.

Video huwa na fremu 25 kwa sekunde, au 30 kwa simu nyingi. Kwa 25, fremu moja hudumu milisekunde 40. Sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde huingiza sampuli 1,920 ndani ya fremu hiyo moja. Kwa hiyo ukisogeza klipu fremu kwa fremu, unaweza kuruka pale hasa sauti inapooana na picha. Programu yako ikiruhusu kusogeza sauti kwa sampuli, tumia njia hiyo.

Kazi huanzia uwanjani. Kabla ya wimbo, mtu mmoja asimame kando ya kwaya, aonekane kwenye kamera, apige makofi mara moja kwa nguvu. Wenye sinema hugonga ubao kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye programu, panga sauti mbili moja juu ya nyingine, kisha kuza mchoro wa mawimbi mpaka pigo lionekane kama mwiba uliosimama. Kdenlive na DaVinci Resolve zinaweza hata kulinganisha mawimbi zenyewe.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kosa lilipo. Sauti ya simu nayo ilichelewa njiani: mita 40 ni karibu milisekunde 120, yaani fremu 3 kwa video ya fremu 25. Ukiifuata, umeurithi uchelewaji wake. Shahidi wa kweli ni picha. Tafuta fremu ya kwanza ambayo viganja vimegusana, uweke mwiba wa kinasa hapo.

Je, mtazamaji atagundua? Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, wa mwaka 1998, unaonyesha kwamba watu huanza kutambua sauti inapowahi kwa milisekunde 45 au kuchelewa kwa 125. Tunavumilia zaidi inayochelewa, kwa kuwa tumezoea vya mbali kusikika baada ya kuonekana. Inayowahi hutukera upesi.

Piga makofi tena mwishoni. Mwanzo ukioana na mwisho ukaachana, saa za vifaa viwili hazikwenda sawa, au simu ilirekodi fremu kwa kasi inayobadilika. Geuza kwanza video iwe na kasi moja isiyobadilika. Usichanganye 30 na 29.97: kwa saa nzima zinaachana sekunde 3.6. Tofauti ndogo ikibaki, kata kwenye kimya kati ya nyimbo, uoanishe kila wimbo peke yake.

Mwisho, kagua kwa macho. Tazama herufi p, b na m, ambazo haziwezi kutamkwa bila midomo kufunga. Mwimbaji akisema “baba”, midomo iachane pale pale “ba” inaposikika.

Ndugu mpiga picha, wale wanakwaya wamefanya mazoezi wiki nyingi ili waimbe kwa pamoja. Usiwatenganishe na sauti zao. Kabla hawajaanza, piga makofi mara moja mbele ya kamera. Na kabla hujaizima, piga tena.