Nyumba Njema Si Mlango

Leo tunataka kuzungumza na kijana aliyemaliza masomo, akapata kazi Nairobi, na sasa anatafuta chumba cha kukaa peke yake kwa mara ya kwanza. Nanyi wazazi mlioko mashambani, kaeni karibu na redio, kwa maana huyo anayetafuta chumba ni mtoto wenu, na mambo yakimharibikia ni ninyi atakaowapigia simu.

Katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 13, twasoma habari za Abramu na Lutu, mwana wa ndugu yake. Mifugo yao iliongezeka, malisho yakawa haba, wachungaji wakagombana. Abramu akampa Lutu nafasi ya kuchagua kwanza. Lutu akalitazama bonde la Yordani, akaona lina maji tele, akalichukua. Nchi aliichunguza, lakini hatusomi popote kwamba aliuliza habari za watu wa Sodoma, ambao angekuwa jirani yao. Yaliyompata baadaye twayajua. Alitekwa vitani, na mwishowe alitoka katika mji ule mikono mitupu.

Vijana wetu wengi huchagua kama Lutu. Mmoja huchagua jina la mtaa, ili akiulizwa anakaa wapi ataje Kilimani au Kileleshwa, hata kama kodi inamla nusu ya mshahara. Mwingine huchagua kodi ndogo tu, wala haulizi zaidi. Wote wawili wametazama mlango. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tuingie ndani, tutazame mambo manne.

Jambo la kwanza ni njia ya kwenda kazini. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi. Wazungu walikaa magharibi na kaskazini, Wahindi wakakaa sehemu kama Ngara na Parklands, na Waafrika wakawekwa mashariki, katika mitaa kama Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Bahati. Vyumba vingi huko vilipangwa kwa mwanamume aliye peke yake, kwa sababu ilitazamiwa kwamba mke na watoto watabaki mashambani. Sheria hizo zilikwisha, lakini umbo la mji lilibaki. Hata leo ofisi nyingi ziko katikati ya mji, Upper Hill na Westlands, na nyumba nyingi za kodi nafuu ziko mashariki, kama Umoja, Kayole na Embakasi, au ziko nje ya mji kabisa, kama Rongai na Kitengela. Ndiyo maana asubuhi watu huelekea upande mmoja, na jioni hurudi wote pamoja.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme chumba cha mbali ni shilingi 9,000 kwa mwezi, na nauli ni shilingi 150 kwenda na 150 kurudi. Kwa siku 22 za kazi, nauli peke yake ni shilingi 6,600, na jumla ni 15,600. Chumba cha shilingi 14,000 ambacho mtu hutoka akaenda kazini kwa miguu kilionekana ghali, kumbe ndicho nafuu. Tena kuna saa. Anayekaa barabarani saa mbili kila asubuhi na saa mbili kila jioni hutumia saa 88 kwa mwezi ndani ya matatu. Hizo ni zaidi ya siku tatu na nusu, mchana na usiku. Na mvua ikinyesha, nauli hupanda.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, safiri kutoka mtaa ule siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukarudi saa moja jioni. Shuka kwenye steji, utembee hadi mlangoni gizani. Je, taa zipo? Maduka yako wazi? Watu wanapita? Dada zetu hasa tunawasihi wasikubali kuonyeshwa nyumba Jumapili mchana peke yake. Ukiwa na kazi ya zamu, uliza pia matatu ya mwisho hupita saa ngapi.

Jambo la pili ni maji, nayo ni ya namna mbili, ya mfereji na ya mafuriko. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a. Mji wenye watu zaidi ya milioni 4.3, kama walivyohesabiwa mwaka 2019, unahitaji maji mengi kuliko yanayofika, na mitaa mingi hupata maji kwa zamu. Usimwulize mwenye nyumba tu. Waulize wapangaji: maji huja siku gani? Kuna tangi? Yakikosekana, mtungi mmoja unauzwa kiasi gani? Kama ni maji ya kisima, yaonje. Mengine yana chumvi, na mengine yana floraidi nyingi inayotia meno rangi ya kahawia.

Kisha tazama mto uko wapi. Aprili na Mei mwaka 2024 mito ya Nairobi ilifurika, watu wakafa na wengi wakabaki bila makao, hasa Mathare na Mukuru. Serikali iliwaamuru waliokaa ndani ya meta 30 kutoka mtoni waondoke. Na mwezi wa Aprili mwaka 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, karibu na mto, baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Kodi ikiwa ndogo mno, uliza sababu. Tazama kuta kama zina nyufa, na sakafu ya chini kama ina alama za maji. Fungua dirisha. Sehemu za Embakasi kama Pipeline, majengo yamesongamana hata vyumba vya chini havioni jua.

Jambo la tatu ni pesa na maandishi. Usitume pesa kwa simu kwa ajili ya nyumba ambayo hujaingia kwa miguu yako. Walaghai huonyesha picha nzuri, hupokea amana, kisha simu haipatikani tena. Mjue mwenye nyumba au yule aliyepewa mamlaka ya kupokea kodi. Pata mkataba ulioandikwa, nawe uusome: kodi ni kiasi gani, amana itarudishwa lini, notisi ya kuhama ni ya muda gani, takataka na maji vinalipwa na nani, na mita ya stima ni yako au ya ploti nzima. Vitu vilivyovunjika viandikwe siku unayoingia, usije ukatozwa siku unayotoka. Weka kila risiti.

Jambo la nne ni watu, na hili ndilo Lutu alilolisahau. Kule nyumbani, asubuhi moshi usipoonekana jikoni mwako, jirani huja kuuliza kulikoni. Katika jengo lenye vyumba 60, milango yote ni ya chuma na yote imefungwa. Kijana anaweza kushikwa na homa Ijumaa usiku, na hadi Jumatatu hakuna aliyejua. Basi, kabla ya kuchukua chumba, jiulize swali hili moja: nisipoonekana siku mbili, nani atabisha hodi? Kama hakuna hata mmoja, mtaa huo bado si wako, hata ukiwa na jina zuri namna gani. Lutu alipotekwa, aliyetoka kumfuata ni Abramu, mtu aliyemjua.

Kwa hiyo ni busara kukaa karibu na dada, au mwenzako wa shule, au kanisa unaloweza kwenda kwa miguu. Hata hivyo, usitafute watu wa kabila lako peke yao. Baada ya ghasia za mwaka 2007 na 2008 watu wengi walihama mitaa wakafuata watu wao kwa sababu ya hofu. Hatuwalaumu, lakini mji ukigawanyika tena, safari hii kwa kabila, sote tumepoteza. Wiki ya kwanza, bisha mlango wa jirani, umwambie jina lako. Mpe namba ya simu ya mama yako, nawe uchukue ya kwao.

Na ninyi washirika wa makanisa ya mjini, neno hili ni lenu pia. Kijana mgeni akiketi kiti cha nyuma Jumapili tatu mfululizo, nani kati yenu anajua anakolala? Wazee wa kanisa kule mashambani, mpeni barua ya ushirika anapoondoka. Wazee wa mjini, mkiipokea barua hiyo, msiitie kwenye faili tu. Mfuateni hadi chumbani kwake, mnywe naye chai.

Yeremia aliwaandikia watu waliopelekwa Babeli kwamba wajenge nyumba, wakae, na wautakie mema mji ule, ingawa hawakuzaliwa huko. Kijana, Nairobi huenda si kwenu, na chumba chako ni cha kukodi. Lakini jirani aliye upande wa pili wa ukuta ni jirani wa kweli, naye pengine anajiuliza kama kuna mtu atakayebisha hodi kwake.

Mungu akuongoze unapotafuta. Hadi wiki ijayo, kwaheri.