Ubingwa bobezi wa damu na saratani: unalipia nini, unabaki na nini

Daktari, MMed umemaliza. Una mshahara mmoja, kodi ya nyumba, watoto wawili shuleni, na maombi yanafungwa wiki chache zijazo. Unataka kubobea katika magonjwa ya damu na saratani. Hesabu zifuatazo ni za mtu mwenye mfuko kama wako. Mwenye mjomba Houston asome kwa kujifurahisha.

Kabla ya ada, jiulize utakaporudi utafanyia kazi wapi. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Ukibobea kwenye uloto kisha ukapangiwa hospitali ambayo hata chembe sahani za kumwongezea mgonjwa hupatikana kwa kubahatisha, umenunua jahazi huku unaishi Tabora. Mwulize mwajiri kwa maandishi atakuweka wapi. Barua hiyo haina gharama.

Neno kidogo kwa ambaye bado hana MMed: usizunguke. Chuo Kikuu cha Muhimbili, MUHAS, kina MMed ya onkolojia, na kina MMed ya hematolojia na utoaji damu. Ukienda moja kwa moja unaepuka kusoma tiba ya ndani kwanza halafu kuanza upya kutafuta feloshipu. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi kwa sauti wakati wa utarajali.

Sasa wewe uliye bingwa tayari. Kwa anayetibu watoto, nyumbani ndiko kwa bei nafuu: MUHAS inafundisha damu na saratani za watoto, na wagonjwa wa kujifunzia wamejaa Muhimbili. Mtumishi wa umma aliyepata ruhusa ya masomo kwa utaratibu huendelea kupata mshahara. Kinachokatika ni posho ya kuitwa usiku na kliniki ya jioni kule hospitali binafsi, na kwa wengi hapo ndipo ada ya shule ya watoto ilipokuwa inatoka. Usipige hesabu ya mshahara peke yake.

Kampala ni jirani wa kuangaliwa kwa makini. Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, ipo tangu 1967. Kwa watoto kuna feloshipu ya miaka 2 ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanza 2016 kwa kushirikiana na Baylor na Texas Children's. Unasoma Afrika Mashariki ukiwa na walimu wa huku na wa Texas, na wagonjwa wako wanafanana na wale utakaowakuta nyumbani, wakiwamo watoto wenye limfoma ya Burkitt, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza na daktari aliyekuwa akifanya kazi Mulago hapohapo. Daktari wa mataifa tajiri anaweza kumaliza mafunzo yake akiwa ameona wagonjwa wachache sana wa aina hiyo.

Gharama iliyojificha Kampala ni nyumba mbili. Familia inabaki Mwanza, wewe unapanga chumba, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Basi la usiku linasaidia. Uliza pia kama ada unayotajiwa ni ya raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki au ya mgeni, maana karani akikosea kujaza utakuja kujua kwenye ankara.

Cape Town na Johannesburg zina vifaa bora, na mtihani wa Colleges of Medicine of South Africa una heshima bara zima. Ila soma maandishi madogo. Mgeni huingia kama mwanafunzi wa ziada, yaani hospitali haikulipi. Mshahara wako unatoka kwenu au kwa mfadhili. Bila barua ya mfadhili faili halisogei, na hata ukiwa nayo kuna usajili wa HPCSA, baraza lao la taaluma za afya, na kibali cha wizara yao, vyote vya kusubiri. Usiache kazi wakati wa kusubiri. Kwa madaktari wa watoto kuna African Paediatric Fellowship Programme ya Chuo Kikuu cha Cape Town, inayofundisha tangu 2007 kwa masharti kwamba utarudi kwenu. Kama unafaa huko, anzia huko.

Uingereza watu wanaipenda kwa sababu inalipa. Mpango wa mafunzo kwa madaktari wa nje, MTI, unakupa hadi miezi 24 kazini, mshahara wa NHS, na hufanyi mtihani wa PLAB. Tatizo ni kwamba huondoki na cheti cha ubingwa cha Uingereza. Umenunua ujuzi, karatasi hukununua. Kwa mtu ambaye ajira yake nyumbani ni ya uhakika, hilo halina shida. Kwa anayetaka kupandishwa cheo kwa cheti, ni hasara.

Halafu kuna tozo ya afya inayolipwa pamoja na viza: pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka, na 776 kwa mtoto. Wewe, mwenzi wako na watoto wawili mnafika pauni 3,622 kwa mwaka, pauni 7,244 kwa miaka miwili, na zinatakiwa kabla hujapanda ndege. Upo utaratibu wa kuomba urejeshewe ukishafanya kazi miezi 6, lakini hela ya kutangulia inatoka mfukoni mwako. Wengi huenda peke yao mwanzo, familia ikafuata. Ndiyo busara.

Marekani ndiko kunakovutia kuliko kote, na ndiko kunakokula umri. MMed yako, kwa kawaida, haikurushi hatua yoyote. Unafanya USMLE Step 1 na Step 2 CK pamoja na mtihani wa Kiingereza, kisha rezidensi ya tiba ya ndani miaka 3 kana kwamba jana ndiyo umetoka chuo, kisha feloshipu ya damu na saratani miaka 3 mingine. Mitihani miwili ya USMLE peke yake inazidi dola 2,000 kwa anayeifanyia nje ya Marekani, kabla ya nauli ya kituo cha mtihani, ada za maombi na safari za usaili. Tangu Januari 2022 Step 1 haina alama, ni kufaulu au kufeli, kwa hiyo uzito umehamia Step 2. Ukifeli, rekodi haifutiki. Usikimbilie tarehe ya karibu kwa sababu tu rafiki yako ameichukua.

Ni kweli unalipwa kipindi chote cha mafunzo, zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Lakini piga hesabu: ukiwa na miaka 36, ukatumia 2 kwa mitihani na maombi, unamaliza ukiwa na 44. Viza ya J-1 ina kikomo cha miaka 7 ya mafunzo, kwa hiyo 3 na 3 zinaingia na unabakiwa na mwaka mmoja tu wa kuteleza. Ukimaliza unatakiwa kurudi kwenu miaka 2, na hata kuipata viza kunahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako. Anza na hiyo barua.

Mahali ambapo watu wanatapeliwa ni kwenye hizi zinazoitwa feloshipu za miezi mitatu. Mdogo wangu alimlipa wakala mamilioni, akafika hospitali moja ng'ambo akaambiwa asimame nyuma, aangalie, asimguse mgonjwa. Alirudi na cheti kizuri cha kutundika sebuleni. Ukitaka ujuzi mmoja tu, kwa mfano kuanzisha kliniki ya dawa za saratani, omba ufadhili wa UICC, umoja wa kimataifa wa kudhibiti saratani, wa mafunzo ya hadi mwezi mmoja. Wao ndio wanaokulipia.

Ukiniuliza mimi: daktari wa watoto, Dar au Kampala, bila kusitasita. Wa watu wazima mwenye mwajiri anayemlipa, Afrika Kusini. Marekani ni ya aliye chini ya miaka 30 na asiye na wa kumsubiri. Kwa Mtanzania, uliza kwanza Wizara ya Afya kuhusu ufadhili wa ubingwa bobezi unaobeba jina la Rais Samia. Kisha, kabla ya kusaini mkataba wa kurudi kutumikia, fungua ukurasa unaoeleza utalipa kiasi gani ukiuvunja, umsomee mwenzi wako kwa sauti.