Sheria na Dhamiri Merikebuni: Kutoka Safari ya Adili hadi Mahakama ya Nakuru

Maneno dhamira na dhamiri yamekaribiana katika Kiswahili kiasi cha kumtatiza mwanafunzi, na pengine hata mwalimu wake. Yote mawili yatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya jambo lililofichwa moyoni. Wahakiki wamelitwaa la kwanza kuwa jina la wazo kuu la kazi ya fasihi. La pili limebaki kumtaja yule shahidi wa ndani ambaye mtu hawezi kumkimbia. Kitenzi kudhamiria nacho maana yake ni kukusudia. Kwa hiyo lugha yetu imeiweka nia ya mtendaji na hukumu ya moyo wake katika nyumba moja. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba hadithi mashuhuri za bahari hugombana juu ya nyumba hiyo hiyo: je, sheria iruhusiwe kuingia humo, na ikiingia, iupekue moyo wa nani? Swali hilo halikuishia pwani. Mwaka 1923 liliulizwa mjini Nakuru, mbali sana na bahari.

Chombo kikishang'oa nanga hakina jirani. Nahodha huwa ndiye mtawala, kadhi na mlinzi wa wote waliomo. Na baharia hana pa kukata rufani ila baharini. Ndiyo maana watunzi wakapenda kulifanyia jaribio la sheria na dhamiri humo. Barani mtu anaweza kwenda kwa mzee wa mtaa, au akahama, merikebuni hahami.

Herman Melville alipofariki mwaka 1891 aliacha hadithi ya Billy Budd haijakamilika, nayo ikachapishwa mwaka 1924. Mambo yake yanatukia mwaka 1797 katika manowari ya Kiingereza, muda mfupi baada ya maasi makubwa ya mabaharia wa jeshi hilo. Billy, kijana mwema asiye na hila, anasingiziwa na Claggart, mkuu wa nidhamu, kwamba anachochea uasi. Akiitwa kujibu mbele ya Nahodha Vere, kigugumizi kinamfunga ulimi. Mkono unatangulia neno, na Claggart anaanguka akiwa maiti. Vere anajua kuwa kijana hakukusudia kuua. Wajumbe wa mahakama ya chomboni nao wanajua. Hata hivyo Vere anawahimiza waliangalie tendo, waiache nia, kwa kuwa sheria ya vita haiulizi habari za moyo. Asubuhi yake Billy ananyongwa.

Wasomaji wengi humwona Vere kama mtu aliyesagwa baina ya mawe mawili. Mimi naona jambo hili halina budi kutazamwa kwa shaka zaidi. Melville ameweka katika hadithi daktari wa chombo, ambaye pamoja na maafisa wengine anaona kuwa shauri hilo lingefaa kungoja mpaka lifike kwa amiri wa jeshi. Haraka, basi, ilikuwa ya Vere. Sheria ilimpa kamba. Saa ya kuifunga aliichagua yeye. Joseph Conrad katika hadithi fupi aliyoichapisha mwaka 1910 alikwenda njia ya pili: nahodha kijana anamficha chumbani mwake baharia aliyemwua mwenzake wakati wa tufani, kisha anakihatarisha chombo chake karibu na miamba ili mkimbizi apate kuogelea hadi nchi kavu. Huyu aliifuata dhamiri, na gharama yake nusura ilipwe na mabaharia waliokuwa hawajui lolote.

Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, hakufuata hata moja ya njia hizo mbili. Kisa chenyewe kina asili katika Alfu Lela u Lela, lakini uzito wa maadili ni wa mtunzi wetu. Adili anasafiri baharini pamoja na nduguze, Hasidi na Mwivu. Kwa husuda wanamtupa majini. Jini Huria, ambaye Adili alikuwa amepata kumwokoa, anamwopoa, anawageuza nduguze kuwa manyani, na kumwamuru awapige kila usiku. Hii ni sheria kamili: ina kosa la kweli, ina hakimu mwenye nguvu, ina adhabu isiyo na tarehe ya mwisho. Adili anaitii. Anapiga, kisha anawalisha wale wale aliowapiga, huku akilia. Mkono mmoja ni wa sheria na wa pili ni wa dhamiri, na mwili ni mmoja. Fundo hili halifunguliwi na Adili mwenyewe, bali na mfalme Rai anapopata habari na kumwombea kwa Huria. Kwa maneno mengine, Shaaban Robert anakubali kwamba mtu mmoja hawezi kuibeba dhamiri peke yake dhidi ya sheria; yahitajika mamlaka iliyo tayari kusikiliza hadithi nzima.

Sasa twende bara. Shamba la mlowezi katika Bonde la Ufa lilifanana na merikebu kuliko tunavyodhani. Kwa sheria za mabwana na watumishi zilizoanza kutungwa mwaka 1906, mfanyakazi aliyeacha kazi bila ruhusa alikuwa mhalifu, sawasawa na baharia mtoro. Na bwana shamba mara nyingi alishika kiboko kama nahodha. Mwaka 1923 huko Molo, kijana aliyeitwa Kitosh alitumwa na farasi jike, akaonekana amempanda ilhali ameagizwa amwongoze kwa miguu. Alipigwa, akafungwa kamba ghalani, na usiku akafa. Kesi ilisikilizwa Nakuru, na walioamua pamoja na jaji walikuwa walowezi wenzake mshtakiwa. Ulitolewa ushahidi kwamba kabla ya kukata roho Kitosh alitamka kuwa anataka kufa. Madaktari wawili waliunga mkono rai kuwa nia hiyo ilichangia kifo, ingawa daktari aliyeipasua maiti alitaja majeraha. Mshtakiwa alipatikana na hatia ya kudhuru vibaya tu, kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu ya India iliyotumika Kenya mpaka mwaka 1930, akafungwa miaka miwili.

Tulinganishe. Merikebuni mwa Vere sheria inakataa kuuchungulia moyo wa muuaji, na asiyekusudia ananyongwa. Nakuru sheria inaingia moyoni mpaka ndani kabisa, lakini moyo wa marehemu: aliyepigwa ndiye anayeulizwa alidhamiria nini. Karen Blixen, aliyekisimulia kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 1937, aliiona nia ya Kitosh ya kufa kuwa heshima ya kiumbe huru asiyeweza kushikwa. Ni maneno mazuri mno, na ndilo kosa lake. Kwa kumtukuza Kitosh hivyo amewakubalia madaktari wa utetezi hoja yao. Adili angekuwa ghalani usiku ule angejua kilichoua, kwa sababu anaujua mkono unaopiga.

Hapa ndipo linapozuka tatizo la mfasiri. Sheria zetu kwa Kiswahili hutenga kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na kusudi ni neno safi la mahakamani, lisilo na harufu ya machozi. Mtu akiifasiri hotuba ya Vere kwa kusudi, nahodha atashinda hoja kwa urahisi: kusudi laweza kuwekwa kando. Akitumia dhamiri na kudhamiria, Vere atajikuta anawaambia maafisa wake waweke kando nia ya Billy na, kwa neno lilo hilo, shahidi aliye vifuani mwao wenyewe. Kiingereza kinampa maneno mawili ya kutenganishia mambo hayo, Kiswahili hakimpi. Mimi ningefasiri kwa dhamiri, na kumwacha Vere ahangaike.