Kaa wa Mikoko

Sisi tunaokaa Kigali tuko mbali na bahari, zaidi ya kilometa 1,000. Hata hivyo kaa si mgeni kwetu, maana yumo chini ya mawe katika vijito vya milimani. Leo nataka kuwaeleza habari za ndugu yake mkubwa wa pwani, kaa wa mikoko, ambaye wataalamu humwita Scylla serrata.

Kaa huyu hukaa katika matope ya mikoko, kama ile ya Rufiji katika Tanzania na ya Gazi katika Kenya. Ana miguu kumi. Miwili ya mbele ni magando yenye nguvu ya kuvunja konokono na chaza. Sita ni ya kutembelea, na miwili ya nyuma ni bapa kama makasia, ndiyo humwezesha kuogelea. Mchana hujificha shimoni; usiku hutoka kutafuta chakula, naye hula hata kaa wenzake.

Gamba lake halikui, basi hana budi kulivua kila anapoongezeka mwili. Wakati huo huwa laini, hawezi kupigana. Ndipo dume humpanda jike, baada ya kumkumbatia siku kadhaa na kumlinda.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Jike mwenye mayai, ambayo huweza kupita milioni moja, huiacha mikoko akaenda bahari kuu, kwa kuwa watoto wake wachanga hufa katika maji yasiyo na chumvi ya kutosha. Watoto hao hawafanani na kaa; ni vidudu vinavyochukuliwa na maji. Hujivua gamba mara tano kabla ya kuanza kupata umbo la kaa na kurudi mikokoni. Wengi mno huliwa njiani. Kaa wa vijito vyetu hana safari hiyo: watoto wake hutoka mayaini wakiwa kaa kamili, chini ya tumbo la mama yao.

Basi kaa wa mikoko ana makao mawili, na akikosa moja, kizazi chake kimekwisha. Mikoko ikikatwa ovyo, watoto wanaorudi hawana pa kujificha. Jike akikamatwa na mayai yake, yote hupotea.

Ninyi mliomaliza shule, ambao kazi huwapeleka Dar es Salaam au Mombasa, mkinunua kaa, mtazameni kwanza chini ya tumbo. Mkiona mayai, msimnunue.