Mafuta ziwani: jicho si mizani

Ukipita kando ya maji karibu na gereji au mahali panapopakuliwa mafuta, huenda ukaona juu yake rangi za upinde wa mvua. Hayo ni mafuta. Je, ni mengi kiasi gani?

Jicho haliwezi kujibu. Utando wenye rangi hizo waweza kuwa mwembamba hata lita 1 ikafunika mita za mraba 3,000, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Mafuta yaliyovurugika yakawa matone madogo sana ndani ya maji, hayo hayaonekani, nayo yaweza kuwa mengi zaidi.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nilisomea ukimbizini, kambi ya Mtabila huko Kasulu, ambako maabara tuliiona kwa chaki ubaoni. Ndiyo maana napenda vipimo visivyodai vitu vingi.

Kwa miaka mingi maabara zilitia kiyeyushi ndani ya maji, kikayavuta mafuta, ndipo yakapimwa. Kilichotumika sana, Freon 113, kilikomeshwa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu kinaharibu tabaka la ozoni. Wengi wakahamia heksani. Hiyo nayo hushika moto upesi, mvuke wake hudhuru mishipa ya fahamu, na masalia yake hayamwagwi ovyo. Katika mji ambao watu wamepanga foleni za petroli siku nzima, nani ataagiza heksani kila mwezi?

Zipo njia zisizotumia kiyeyushi. Ya kwanza humulika maji na kupima jinsi matone yanavyotawanya mwanga. Meli za baharini huitumia kuhakikisha maji zinayomwaga hayazidi sehemu 15 za mafuta katika milioni. Ya pili hutumia miale ya urujuanimno, ambayo hufanya mafuta yang'ae. Ya tatu hupitisha maji kwenye kichujio kinachonasa mafuta. Hukaushwa, kisha husomwa kwa miale ya infraredi.

Kila moja ina kasoro. Tope la Ruzizi laweza kudanganya ya kwanza. Mabaki ya majani yaliyooza nayo hung'aa, yakadanganya ya pili. Katika ya tatu, petroli hupeperuka wakati wa kukausha. Hivyo maji yaleyale yaweza kutoa namba tatu.

Mfanyabiashara wa mpakani analielewa hili: huwezi kulinganisha bei ya mchele ikiwa debe la Uvira si debe la Kigoma. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika mwaka 2003, na Mamlaka yake ina makao hapa Bujumbura. Namba za mafuta zitatusaidia iwapo wote wanne watatumia debe moja: njia moja, isiyotegemea kiyeyushi cha kuagiza.

Tusingoje maafa. Regideso huchota ziwani maji tunayokunywa. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, na maji yake mengi huondoka kwa kuwa mvuke, yakiacha oili nzito nyuma. Basi wewe unayesafirisha mazutu kwa mtumbwi, usisuuzie bidoni ziwani. Na fundi, oili chafu iwekee pipa.